Acheni bi harusi acheke

Nimerudi Unguja juzi na mafua niliyoyapata Arusha, kwa hiyo mkinisikia naandika kama mtu mwenye pua iliyoziba, nistahimilini. Tulikwenda Kimandolu kuozesha. Ndugu yangu anaishi huko miaka mingi, kajenga karibu na barabara ya Moshi, na binti yake wa kwanza ndiye aliyekuwa mwari wetu. Tulivuka kwa boti asubuhi, tukalala Dar, kisha siku nzima kwenye basi, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, na kikapu cha haluwa na udi magotini mwangu, maana hakuna nilichokiamini kukiweka chini kwenye buti. Pembeni yangu alikuwa shangazi yetu, sote tunamwita Bi Mkubwa, mtu wa miaka sabini na tano hivi, mguu wake mmoja mbovu, ulimi wake mzima.

Nilitaka kuandika juu ya nguo, hina na vyakula kama kawaida yangu, na picha zipo, nitazileta. Lakini kuna jambo lilitokea usiku wa hina ambalo limenikaa moyoni, na naona liwe kwanza.

Kimandolu mwezi wa saba ni baridi, jamani. Sisi watu wa pwani tulikuwa tumejifunika kanga mbili mbili na bado meno yanagongana. Ukungu unashuka asubuhi unakaa juu ya migomba, mlima Meru unaambiwa upo pale pale mbele yako nawe huuoni mpaka saa tano. Majirani wa ndugu yangu, Wameru, Wachaga, wengine si Waislamu kabisa, walikuja na visu vyao kumenya ndizi na kuchambua mchele tangu alfajiri, wakatuona tunavyotetemeka wakatuletea chai ya tangawizi. Nawataja kwa sababu baadaye usiku ule walikuwamo ndani na walishuhudia yote.

Baada ya isha wanawake tukabaki sebuleni, wanaume wakawa nje kwenye turubai. Mwari kawekwa kwenye godoro, mikono na miguu imeshatiwa piko na hina, amekatazwa kushika kitu. Na amekatazwa kucheka. Hili mnalijua. Bi harusi kwetu anainamisha macho, hatazami mtu, hacheki, kwa sababu akicheka ataambiwa hana haya, au ana haraka ya mume. Upande wa bwana harusi walikuja na masinia yao kutoka Ngarenaro, mavyaa mtarajiwa akiwa mbele, mama mtulivu, amejistiri vizuri, mtu wa dini kweli. Sisemi hivyo kwa kejeli. Nilimpenda tangu alipoingia akaanza kuwaamkia wazee mmoja mmoja.

Tuliimba kasida zetu, dufu likapigwa, vigelegele. Halafu yakaja yale matulivu ya katikati ya sherehe, watu wameshakula, wanangojea hina ikauke, hakuna la kufanya. Hapo ndipo Bi Mkubwa akamwambia mjukuu mmoja, "Hebu nitafutie kwenye televisheni yenu hiyo, ile ya theluji. Ya Shammi Kapoor."

Nitaeleza kwa wale waliozaliwa juzi. Filamu inaitwa Junglee, ya mwaka 1961, mwongozaji Subodh Mukherji, na jina lake maana yake ni mtu wa porini, mshenzi asiye na adabu. Ni filamu ya kuchekesha na nyimbo ndani yake, kama walivyojua kuzitengeneza Bombay zama zile. Kisa chenyewe kinatosha kuwavunja mbavu. Kuna nyumba ya watu wakubwa, matajiri, mama wa nyumba amechezwa na Lalita Pawar, na katika nyumba ile sheria ya kwanza ni kwamba hapachekwi. Si watoto, si watumishi, hapana mtu anayeruhusiwa kucheka, kwa sababu kucheka ni tabia ya watu wa chini. Kijana wa nyumba, Shekhar, ndiye Shammi Kapoor, amesoma Ulaya, anarudi amekaza uso kama aliyemeza ndimu. Kisha anakwenda Kashmir, anakutana na binti wa daktari, ambaye ni Saira Banu katika filamu yake ya kwanza kabisa, msichana ambaye hata miaka kumi na minane hakuwa ametimiza. Dhoruba ya theluji inawakuta, wanajificha kwenye kibanda. Dhoruba inapokwisha, mlango unafunguliwa, na yule mtu aliyekuwa hacheki anatoka akipiga ukelele: Yahoo!

Hiyo ndiyo Yahoo ya asili, mabinti, kabla ya ile ya barua pepe. Na ukelele wenyewe, kwa wanaopenda kujua mambo haya, si wa mwimbaji Mohammed Rafi. Aliupiga mtu mwingine, Prayag Raj, Rafi akaimba yaliyobaki. Muziki ni wa wale wawili, Shankar na Jaikishan.

Sasa nifanye nini, nitawaelezaje dansi ile kwa maneno? Hapana kundi la wachezaji nyuma yake waliopangwa safu kama tulivyozoea siku hizi. Ni yeye peke yake na mlima mweupe. Anaserereka kwenye theluji kwa makalio, anabiringika, anasimama, anaanguka makusudi, anarusha theluji juu kama mtoto anayemwaga unga jikoni mama yake hayupo. Mabega yanakwenda huku, shingo inakwenda kule, miguu haina habari na mikono. Hajui kucheza, au anajifanya hajui, na hilo ndilo tamu lake. Ukitazama unaona mtu ambaye furaha imemtoka kwa kila kiungo kwa sababu ilizuiliwa miaka mingi. Msichana anamkimbia huku anacheka, kwa sababu hata yeye hakujua kwamba ndani ya yule bwana kulikuwa na kitu hicho.

Bi Mkubwa aliiona akiwa na miaka kumi na mitatu hivi, Unguja, kabla ya Mapinduzi. Alikwenda na mama yake kwenye onyesho la wanawake watupu, zanana kama lilivyoitwa. Wengi wenu hamjui kwamba mji wetu ulikuwa na kitu hicho. Zilikuwapo Empire na Majestic ya Vuga, na kwa kuwa wanawake wengi wa heshima hawakwenda kukaa gizani pamoja na wanaume wasio maharimu wao, wenye sinema waliweka nyakati za wanawake peke yao. Mwanahistoria mmoja wa Marekani, Laura Fair, kitabu chake Reel Pleasures kilichotoka mwaka 2018 kinaeleza sana juu ya sinema za nchi hii na wanawake waliozipenda. Mimi sikuhitaji kitabu kwa sababu nilikuwa na Bi Mkubwa kwenye kiti cha basi kwa saa nyingi.

Anasema mjini siku ya onyesho ilijulikana kwa harufu. Uchochoro mzima unanuka asumini na udi. Wanawake wanatoka na mabuibui yao, vifurushi vya bisi na kashata ndani, watoto wachanga mgongoni. Wakiingia ndani mlango ukafungwa, mabuibui yanashuka, na chini yake nguo ambazo hata waume hawajaziona. Alisema, "Tulikwenda kutazamana kwanza, sinema baadaye." Fundi cherehani akisikia filamu mpya imekuja, anajua wiki hiyo atashonea watu mkono wa Saira Banu. Na walilia humo, na walicheka, na walimsema mhusika kwa sauti, wakimwonya asifungue mlango, wakimlaani mavyaa wa kwenye filamu. Hakuna aliyejua Kihindi na hakuna aliyekosa kufahamu.

Nikamuuliza theluji alidhani ni nini. Akasema alidhani ni pamba. Mama yake akamwambia si pamba, ni barafu kama ya mlima Kilimanjaro. Yeye hakuamini kwamba kuna Mswahili aliyewahi kuuona mlima huo kwa karibu. Miaka yote hiyo imepita, na sisi tunapita Moshi ndani ya basi, Bi Mkubwa ameng'ang'ania dirisha aone kama theluji ipo, na mlima umejifunika buibui lake la mawingu. Sijui kwa nini nilisikia uchungu kuliko yeye.

Haya, turudi Kimandolu. Mjukuu akaunganisha simu na televisheni, intaneti ikasuasua, kisha huyo, mlango ukafunguka. Yahoo! Bi Mkubwa akapiga kigelegele cha zamani, kile kirefu. Wale majirani wa Kimeru wakaacha vikombe vya chai. Mmoja wao, mama mtu mzima, akasema mama yake alikuwa akizitazama hizi pale Metropole mjini Arusha, akaanza kutikisa mabega vile vile akiwa amekaa. Sebule nzima ikawa inacheka. Nami nikamtazama mwari wetu. Alijaribu, maskini. Aliuma mdomo, akatazama hina yake. Shammi Kapoor alipoanguka mara ya pili hakuweza tena. Alicheka akaangukia ubavu, mikono juu hewani ili hina isiharibike, machozi yanamtoka.

Mavyaa akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Jamani, hii ni nyumba ya arusi ya Kiislamu." Televisheni ikazimwa. Hakuna aliyegombana. Mwari akarudi kuinama. Watu wakaanza kuulizana habari za usafiri wa kesho kama vile hapakuwa na kitu.

Mimi si mwanachuoni, na mwenye elimu zaidi anisahihishe. Lakini nimelifikiri jambo hili tangu siku ile na nina maoni, nayo ndiyo haya.

Kwanza nimtendee haki yule mama, kwa sababu alikuwa na hoja. Katika filamu ile kijana na msichana wamefungiwa kibandani wawili peke yao, na hiyo ni khalwa, hata theluji ikifika paani. Bi Mkubwa mwenyewe alisema wakati ule sinema nzima ilisema astaghfirullah kwa pamoja, kisha ikaendelea kutazama. Muziki una vyombo, na masheikh wamekhitilafiana juu ya vyombo tangu zamani. Wengi wamevikataza ila dufu, wako waliofungua mlango zaidi, Imam Ghazali ameandika mlango mrefu juu ya kusikiliza ndani ya Ihya yake, na si kazi yangu kuwahukumu. Mwenye kushika lililo zito kwa ajili ya dini yake namheshimu. Tena filamu hiyo hiyo ina wimbo mwingine wa klabu ya usiku, Helen anacheza na Shammi, na huo Bi Mkubwa mwenyewe hututaka tuuruke. "Huo si wa kutazama mbele ya watoto," husema, na kidole chake kiko tayari kwenye kitufe. Hakuna anayesema kila kilicho kwenye skrini ni halali kwa kuwa ni cha zamani na kina rangi nzuri.

Lakini yule mama hakusema khalwa, wala hakusema vyombo. Alichokiona yeye ni bi harusi anacheka. Na hapo ndipo ninapokataa.

Tumesoma sote, madrasani, kisa cha Bibi Aisha, Radhi za Allah ziwe juu yake, siku ya Idi. Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki na ngao zao msikitini, na Mtume (S.A.W.) akamsimamisha nyuma yake atazame, shavu lake karibu na shavu lake, na hakumharakisha, akangojea mpaka alipotosheka mwenyewe. Kipo katika Bukhari. Kila mara nikikisoma sitazami mikuki, natazama ule muda. Mtu aliyebeba umma mzima begani kwake amesimama tu, anamsubiri mke wake mdogo amalize kufurahi. Na kipo cha wale wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwake siku ya Idi, Abubakar akataka kuwanyamazisha, Mtume akamwambia awaache, kwani ni siku ya sikukuu. Na cha bibi harusi aliyepelekwa kwa Maansari, Mtume akauliza kama waliomsindikiza walikuwa na burudani yoyote, kwa kuwa Maansari walizipenda. Aliuliza yeye. Hakungoja kuombwa.

Najua mtaniletea hadithi ya Ibn Umm Maktum, yule sahaba kipofu, ambapo wakeze Mtume waliambiwa wajisitiri naye, na kwamba hao wanawake wao si vipofu. Nimeisoma. Abu Dawud aliyeipokea amesema hiyo ni hukumu ya wake za Mtume peke yao, na akaleta ya Fatima binti Qays aliyeambiwa akae eda nyumbani kwa yule yule kipofu. Basi wanawake watu wazima, wamekaa sebuleni na kanga zao, wanamtazama marehemu Shammi Kapoor akianguka kwenye theluji, wala hakuna hata mmoja aliyemtazama kwa jicho la matamanio. Alikuwa kichekesho kwetu, mtu mzima aliyepata uhuru wake. Kama kuna mwanamke anayetamanishwa na mtu anayebiringika kwa makalio, huyo tumwombee dua.

Wala tusijidanganye kwamba pwani yetu haijui mambo haya. Taarabu yetu imekunywa kutoka filamu za Kihindi kwa miaka mingi, na wewe unajua na mimi najua kwamba kasida kadhaa tunazoziimba maulidini kwa macho yaliyofumbwa, mahadhi yake yalitoka Bombay. Siku moja nilimwona Bi Mkubwa katikati ya maulidi akitabasamu, nikamuuliza, akaninong'oneza jina la filamu. Nilikosa kuitikia kibwagizo kwa kucheka.

Na si Wahindi peke yao. Binti yangu alinionyesha ile ya Wamarekani ya mwaka 1952, Singin' in the Rain, Gene Kelly anacheza peke yake barabarani kwenye mvua na mwavuli, anakanyaga madimbwi. Nikamwambia, huyu ni ndugu yake Shammi. Mmoja ana mvua, mmoja ana theluji, wote wamejaa mpaka wamemwagika. Ukimtazama Kelly unaona mtu aliyejifunza kucheza maisha yake yote, kila hatua imepimwa. Mimi nabaki na Shammi, kwa sababu anaanguka.

(Watu wa Kimandolu nao wana filamu yao ya kujivunia. Ndugu yangu hakutuacha tuondoke bila kutuambia kwamba Hatari!, ya John Wayne, ya mwaka 1962, ilipigwa picha huku kwao, kule Momella upande wa pili wa Meru, na kwamba wale watoto wa tembo wanaomfuata Elsa Martinelli kwenda kuoga ni tembo wa huku. Muziki wa tembo wale hata ninyi mnaujua ingawa hamjui mnaujua. Bi Mkubwa alisema hakuipenda, walikuwa na vumbi sana.)

Sasa niseme lililonifanya niandike. Usiku ule, watu wameshalala, mwari aliniita chumbani. Hina imeshatolewa, mikono yake imetoka nyekundu nzuri kabisa, ile inayosemwa kwamba mume atampenda. Akaniuliza, "Shangazi, nimeharibu?" Nikamwambia hujaharibu kitu. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kule kwao, kila nilipokwenda kuwaamkia, sijasikia mtu akicheka. Nilidhani ni kwa sababu mimi mgeni. Sasa sijui."

Mwanangu huyu anakwenda kuishi nyumba moja na mavyaa wake, Ngarenaro, mpaka kijana amalize kujenga. Nilikosa la kumwambia kwa haraka. Sisi masomo tunawafundisha mabinti kusinga, kupika, kunyamaza mume akikasirika, kufukiza udi, mambo mengine ambayo sitayaandika hapa. Hakuna aliyenifundisha mimi, na sikumfundisha yeye, mtu afanye nini katika nyumba ambayo kicheko kimehesabiwa kuwa ni ukosefu wa dini. Na zipo, wapenzi. Mnaniandikia kila mwezi. Hapigwi, halali na njaa, mume anaswali swala tano, lakini akicheka kwa sauti na shoga yake kwenye simu mlango unafunguliwa kutazamwa kuna nini. Mnaliita jambo dogo na mnaona haya kulisema. Mimi silioni dogo. Mwanamke anayejizuia kucheka mwaka wa kwanza, mwaka wa tano hajui tena kama alikuwa akizuia au kicheko kimekwisha.

Haya yetu ni mazuri, na sitaki yaondoke. Mwari kuinama macho usiku wa hina kuna uzuri wake, kuna heshima kwa wazee, na picha zinatoka nzuri. Lakini hiyo ni ada ya usiku mmoja au siku tatu, na haya yenyewe hayaitaki pumzi ya mtu. Tumeichukua ada tukaifanya ndoa. Tunamwozesha binti akiwa amenuna kwa heshima, kisha tunashangaa kwamba nyumba imenuna.

Nilimwambia hivi mwishowe, sijui kama nilifanya sawa. Nilimwambia asiingie kule kwa vita. Aingie na adabu zake zote. Na katika wiki ya kwanza, mavyaa akisema jambo la kuchekesha hata kama hakukusudia, acheke. Si kwa sauti ya Yahoo, ile ya kawaida. Aone nini kitatokea. Watu wengine hawakukataza kicheko, ni kwamba hawakupata wa kucheka naye. Yule mama ni mjane, niliambiwa baadaye jikoni, ana miaka kumi na moja analea vijana wanne peke yake. Shingo yangu ikalainika kidogo niliposikia, ingawa maoni yangu hayakubadilika.

Akina mama wakwe mnaonisoma, nawajua mpo, maana mnanituma salamu kwa watoto wenu. Nawaomba moja tu. Anapoingia nyumbani kwako mtoto wa watu, kabla hujamwonyesha mitungi ilipo na saa ngapi bwana anakunywa chai, mchekeshe. Mwambie kisa cha mwanao alipokuwa mdogo alipoingia kwenye banda la kuku. Dakika tano. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, akashindwa, kisha siku nyingine akashinda akamtania kwamba hii ni kwa ajili ya ile. Sisi ni nani hata heshima yetu iwe nzito kuliko yake?

Kesho yake ndoa ilifungwa baada ya swala ya adhuhuri, mvua ya rasharasha, Meru hakuonekana. Pilau lilikuwa zuri, ndizi nyama nzuri zaidi, nitaleta maelezo yake wiki ijayo kwa sababu yule jirani wa Kimeru amenifundisha. Wakati wa kuagana, mwari ameshapandishwa gari, tuko barazani tunavaa viatu, nikamwona mavyaa anakuja pale alipokaa Bi Mkubwa na mguu wake juu ya kigoda. Nikadhani yanarudi ya jana. Akapiga magoti kumwamkia, akamshika mkono, akawa kama anatafuta neno. Kisha akauliza taratibu, huku anatazama pembeni, yule mama wa kwenye filamu, mwenye nyumba, mwisho wake ilikuwaje, alicheka?

Bi Mkubwa akamtazama. "Nitakutumia kwenye simu," akasema. "Ukae na mkweo mtazame. Ila ule wa klabu mruke."